Digrii ya uchoraji na uchongaji: mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) utalipika kwa kazi za Amu (Lamu)?

UmmuSalim_Amu

Assalamu alaykum. Naomba msaada wa hesabu kwa wanaoyajua mambo haya, maana nyumbani kila mtu anasema lake.

Kijana wetu amepata C+ ya jumla kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na somo la Sanaa na Ubunifu ana B. KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, imempeleka chuo kikuu cha umma Nairobi, digrii ya miaka 4 ya uchoraji na uchongaji. Barua inasema kozi ni shilingi 240,000 kwa mwaka, naye amewekwa bendi ya 2, yaani daraja la uhitaji wa familia. Babake ni nahodha wa mashua, riziki yake ni ya msimu. Ami yake ni fundi wa milango ya nakshi pale Langoni, na amesema atamchukua karakanani hata kesho bila kumtoza kitu. Tena wako wazee wanaotaka aache yote mawili asomee mambo ya bandari.

Nataka kujua haya: akimaliza atakuwa na deni la kiasi gani hasa? Kazi gani za hapa Amu au Malindi zitalilipa? Na digrii itampa nini ambacho ami yake hawezi kumpa?

Mahesabu_Malindi

Waalaykum salaam dada. Nianze na deni, kwa kuwa hilo linahesabika hadi shilingi ya mwisho.

Kwa bendi ya 2, asilimia 60 ya gharama ni ufadhili usiorudishwa, asilimia 30 ni mkopo, na asilimia 10 ni yenu. Kwa kozi ya 240,000, ufadhili ni 144,000, mkopo 72,000, na nyumbani mtoe 24,000 kila mwaka. Wengi huishia hapo, wakazidisha 72,000 mara 4 na kusema deni ni 288,000. Wamesahau pesa za kujikimu. Bendi ya 2 hupewa 55,000 kwa mwaka, na hizo pia ni mkopo. Kwa hiyo anakopa 127,000 kwa mwaka, na kwa miaka 4 ni 508,000. Ndani yake, 220,000 ni chakula na kitanda.

Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Deni la 508,000 likilipwa kwa miaka 10 ni kama 5,150 kwa mwezi. Kwa miaka 5 ni kama 9,360. Kwa riba hiyo, hakuna benki itakayomkopesha kijana asiye na hati ya shamba wala mshahara. Ukiutazama mkopo wenyewe, si mbaya.

Ubaya uko kwenye faini. Mwaka mmoja baada ya kumaliza kozi, malipo huanza, na kila mwezi usiolipwa una faini ya 5,000. Tazama hapo: malipo ni 5,150, faini ni 5,000. Mwezi mmoja ukipita bila kulipa, anadaiwa 10,150, yaani karibu mara mbili. Miezi mitatu ya masika ikipita hivyo, faini peke yake ni 15,000, na jina linaweza kupelekwa CRB, kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo, kisha hata SACCO ya mtaani itamwangalia kwa jicho jingine. Karani wa kaunti haijui shida hii, kwa sababu mwajiri anamkata kabla mshahara haujafika. Mchoraji hana wa kumkata. Deni lile lile, kwa karani ni jepesi, kwa mchoraji lina meno.

Kwa hiyo pa kupunguza ni kwenye pesa za kujikimu. Asichukue kila kinachotolewa kwa sababu tu kinatolewa. Akiweza kuishi kwa jamaa Nairobi miaka miwili na asiombe hizo pesa kwa miaka hiyo, deni linashuka hadi 398,000, na malipo ya miaka 10 yanakuwa kama 4,030 kwa mwezi. Zile 24,000 za nyumbani pelekeni maombi ya basari NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) na kaunti mapema. Basari hulipwa moja kwa moja chuoni, basi hakikisheni namba yake ya usajili imeandikwa sawasawa.

Yanayokwamisha maombi ni haya. Mkopo huombwa upya kila mwaka, haujiendelezi wenyewe, na mwanafunzi wa mwaka wa pili ndiye husahau zaidi. Laini ya simu iwe kwa jina lake mwenyewe, si la mamake. Tena majina yetu ya pwani: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha KCSE kinasema Mohammed, kitambulisho kinasema Muhammad. Hilo lirekebishwe kabla hajafungua ukurasa wa maombi, kwa sababu mfumo huwaona hao kuwa watu watatu.

Mjue pia kwamba Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huu wa bendi Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo 2025. Asilimia za kufuata ni zile zilizo kwenye barua yenu, si za mtoto wa jirani.

FundiNakshi_Langoni

Nitasema upande wa kazi, na nitasema wazi.

Kuchonga mlango hakuhitaji digrii. Kizingiti, miimo miwili, mfaa wa katikati na mbao zake, hakuna darasa la Nairobi litakalomfundisha hayo kumshinda fundi aliye nayo mikononi. Kuhamisha mchoro kwenye mbao, kukata mstari kwa patasi nyembamba, kushusha ardhi ya ua bila kuvunja petali, hayo ni ya kukaa karakanani miaka miwili mitatu. Na mbao zina elimu yake. Mbambakofi iliyokaushwa bara ikaletwa kisiwani na kuchongwa wiki hiyo hiyo itavuta unyevu wa bahari, itanenepa, na mlango utagoma kufunga. Mbao zipangwe kivulini, vijiti kati ya ubao na ubao, zizoee hewa ya hapa miezi kadhaa. Mbao mbichi nazo hufanya kinyume: zinasinyaa, na mfaa unapasuka kuanzia kwenye msumari.

Lakini wanapopotezea pesa mafundi wengi si kwenye patasi. Ni kwenye bei. Mteja anakuja, fundi anapima kwa jicho, anataja tuseme laki moja na nusu, anapokea nusu. Mbao zinakula 60,000, nauli ya mashua na kuranda zinakula zilizobaki. Wiki sita za kuchonga zinafanywa kwa kungojea nusu ya pili, na katikati mteja anabadilisha ua au anataka mlango mpana zaidi. Hakuna mchoro uliotiwa saini, basi hakuna cha kumwonyesha. Fundi anameza hasara.

Hapo ndipo masomo yanapolipa. Mtu anayeweza kuchora mlango mzima kwa skeli ya 1 kwa 10, akaandika orodha ya mbao kwa milimita, akatuma kwa barua pepe kwa msanifu wa hoteli ya Shela aliye Nairobi au ng'ambo, huyo hapangiwi bei. Na nyumba za Mji wa Kale, ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, haziguswi ovyo. Ukarabati una vibali, na vibali vinataka michoro. Zidaka (vishubaka vya ukutani), nguzo za chokaa, dari za boriti, vyote vinahitaji mtu wa kupima na kuchora kilichopo kabla ya kukigusa. Mafundi wa chokaa tunao, wa kuchora vipimo ni wachache.

Sasa sikilizeni: kuchora kwa skeli na kutumia kompyuta kunafundishwa pia kwenye diploma ya miaka 3, na kuingia diploma ni C-. Yeye ana C+, amevuka. Kama anachotaka ni karakana yenye wateja wazuri, digrii ya deni la nusu milioni ni njia ndefu ya kufika alipo ami yake.

Picha za kuuzia wageni ni hesabu nyingine. Chukua picha moja ya sentimita 50 kwa 70, bei dukani 15,000. Duka la sanaa huchukua asilimia 30 hadi 50. Tuseme 40, basi zinabaki 9,000. Kanvasi, rangi za akriliki, fremu, tuseme 2,500. Mkononi 6,500. Ukitoa HELB ya 5,150, picha hiyo imemwachia 1,350. Akitaka 25,000 za kula na kodi pamoja na deni, lazima auze picha tano kila mwezi. Kuuza ndiko kugumu, kuchora anaweza hata kumi. Agosti inawezekana, Desemba hadi Machi inawezekana. Mei, mvua inanyesha, hoteli nyingi zimefunga milango, hata moja ni bahati.

Tena hewa yetu inakula faida. Pini za chuma nyuma ya kanvasi hupata kutu na doa linatokea mbele, basi tumieni shaba au chuma kisichoshika kutu. Fremu ya msonobari isiyotiwa dawa, bungua wataitoboa kabla mgeni hajaiona. Akriliki kwa joto hili inanata: ukikunja picha kwa gazeti, gazeti linabaki kwenye picha. Iviringishwe upande wa rangi ukiwa nje, na katikati iwekwe karatasi ya kuokea. Na mgeni ananunua kinachoingia kwenye sanduku lake. Picha ya mita mbili inapigwa picha na simu tu.

MwalimuWaSanaa_Malindi

Fundi amesema kweli, lakini ameacha mlango mmoja, nao ndio unaofanya digrii iwe na maana kwa kijana wa hapa: kufundisha.

Ila dada, angalia jina la digrii kwenye barua. Digrii ya uchoraji peke yake haimpi usajili wa TSC, tume ya walimu. Inatakiwa digrii ya Elimu yenye sanaa kama somo la kufundishia, au baada ya digrii hiyo aongeze stashahada ya uzamili ya ualimu, na hiyo ni ada nyingine. Halafu TSC inataka C+ ya jumla, na C+ au zaidi kwenye KCSE katika masomo yote mawili atakayofundisha. Sanaa ana B, sawa. La pili ni lipi? Kama Kiswahili au Historia ana C+ kwenda juu, njia iko wazi. Kama masomo mengine yote ya kufundishia ni C, basi ajue leo, asijue mwaka wa nne. Hili huwakwamisha wengi, kwa sababu chuo kitakusomesha bila kukuuliza.

Kama masomo mawili yametimia, aombe kubadilisha kozi dirisha la uhamisho la KUCCPS likifunguliwa, aingie Elimu. Miaka ni ile ile 4, na mwishoni anaweza kusajiliwa na TSC.

Kwa nini sasa? Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia shule za sekondari ya juu, na moja ya njia tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Chini yake, shule za sekondari msingi zina Sanaa Bunifu na Michezo kama somo. Walimu waliosomea sanaa hasa ni wachache, na shule nyingi za Lamu na Malindi hazijawahi kuwa na chumba cha sanaa.

Lakini simwahidi mshahara mnono. Wengi huanza kama walimu wa mafunzo kazini, na kwa sekondari msingi posho imekuwa 20,000 kabla ya makato. Toa bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, ambayo ni 550, tozo ya nyumba asilimia 1.5, ambayo ni 300, na NSSF, akiba ya uzeeni, 1,200. Zinabaki 17,950. Toa HELB 5,150, ana 12,800 mkononi. Anaweza kuishi kwao Amu kwa hizo, hawezi kupanga nyumba. Akiajiriwa kwa kudumu ndipo anapumua, na Lamu kuna posho ya mazingira magumu juu ya mshahara. Na likizo za shule za Agosti na Desemba zinaangukia wageni wanapojaa. Mwalimu anayechora huuza picha zake miezi hiyo bila njaa kumpangia bei.

UmmuSalim_Amu

Mwenyezi Mungu awalipe. Kiswahili ana B-, Historia C. Hilo la TSC hakuna aliyetuambia, hata shuleni kwake.

Kuna jambo jingine nililiacha. Ameandikiwa na chuo cha sanaa cha Marekani, kimempa msamaha wa nusu ya karo, na rafiki zake wanamwambia asiache bahati hiyo. Na hao wa bandari niwajibu nini?

BahariKuu_Shela

Dada, la Marekani acha nilijibu mimi.

Vyuo vingi vya binafsi vya sanaa huko hutoza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, karo peke yake. Nusu ni dola 25,000. Kwa shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya milioni 3.2 kila mwaka, kabla ya kulala na kula. Mikopo ya serikali ya Marekani haipewi mwanafunzi wa kigeni wa visa ya masomo ya F-1. Mikopo ya benki za huko mara nyingi inataka mdhamini ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu. HELB haimfuati huko. Na chuo hakimpi fomu ya I-20 ya kuombea visa mpaka aonyeshe pesa za mwaka mzima wa kwanza kwenye akaunti, kisha alipe dola 350 za SEVIS (usajili wa wanafunzi wa kigeni) na dola 185 za maombi ya visa, ambazo hazirudi hata akinyimwa.

Kazi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo, wakati wa muhula. Akimaliza anapata miezi 12 ya kufanya kazi ya taaluma yake. Wenzake wa kompyuta na uhandisi huongezewa 24, uchoraji kwa kawaida hauko kwenye orodha hiyo. Hata kwa raia wao wenyewe mambo yamebanwa: sheria waliyopitisha Julai 2025 inainyima mikopo ya serikali kozi yoyote ambayo wahitimu wake wanapata chini ya watu walioishia sekondari, ikishindwa miaka miwili kati ya mitatu. Wametunga sheria hiyo kwa sababu wamewaona vijana wao wakizama. Msamaha wa nusu ni nusu ya bei kubwa sana. Ukija msamaha wa yote pamoja na chakula na malazi, hapo tuzungumze upya.

Na bandari: gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na ufadhili wa vijana wa Lamu kwa kozi za bandari umekuwapo. Ufadhili usiorudishwa ni jambo la kuheshimu. Lakini waulizeni wazee kozi ipi, chuo kipi, na waliomaliza wameajiriwa wangapi. Wakiwa na majibu, kijana awasikilize. Wakiwa hawana, hiyo si hesabu.

Mahesabu_Malindi

Kwa alama alizotaja, Sanaa B na Kiswahili B-, nakubaliana na Mwalimu: Elimu, si uchoraji mtupu. Deni halibadiliki sana. Kinachobadilika ni kwamba siku moja atakuwa na mwajiri wa kumkata.

Akiamua kubaki na digrii ya uchoraji au kujiajiri, haya ayafanye tangu mwezi wa kwanza wa kulipa. Alipe mbele. Kaskazi pesa zinapoingia, Desemba hadi Machi, alipe miezi yake na ya Aprili, Mei na Juni pamoja. Hiyo mitatu ni 15,450. Aandike namba ya akaunti kwa uangalifu, na aangalie taarifa ya mkopo kila baada ya malipo, maana tarakimu moja ikikosewa pesa inakwenda kwa mtu mwingine na yeye anaandikiwa faini. Asingoje msamaha wa faini. Bodi imeutoa mara kadhaa, lakini kwa kawaida ni kwa anayelipa salio lote kwa mkupuo.

Pia afungue eTIMS, mfumo wa KRA (mamlaka ya kodi) wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024 hoteli haiwezi kuhesabu gharama kwa KRA bila ankara ya mfumo huo, kwa hiyo meneja wa hoteli ya Malindi au Watamu anayetaka picha 12 za vyumba huenda akamruka msanii asiye nayo, hata awe hodari vipi. Mauzo yakivuka milioni moja kwa mwaka, kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3. Aiingize kwenye bei, asiitoe mfukoni.

UmmuSalim_Amu

Swali la mwisho. Ami yake anasema akae naye mwaka mmoja kwanza, mkono ukomae, ndipo aende. Nafasi ya chuo itapotea?

MwalimuWaSanaa_Malindi

Akinyamaza, itapotea. Barua ya kujiunga ina tarehe ya kuripoti. Kabla ya tarehe hiyo aandike kwa msajili wa masomo kuomba kuahirisha, ataje sababu na muhula atakaorudi, na angoje jibu la maandishi. Vyuo vingi hukubali kuahirisha kwa aliyekwisha kusajiliwa tu, kwa hiyo huenda akalazimika kupanda basi hadi Nairobi, ajisajili, kisha arudi. Aulize kwanza kama kusajiliwa kutafungua mkopo wa mwaka huo, ili asije akadaiwa kwa muhula ambao hakukaa darasani. Na asiombe kubadilisha kozi na kuahirisha kwa wakati mmoja. Uhamisho wa KUCCPS utangulie, barua mpya itoke, ndipo aahirishe kwa barua hiyo mpya.